Laila Hataki Kumaliza Riwaya

Laila alikuwa ameichoka riwaya ile: mwandishi ana maneno kama mshenga, na mapenzi yake hayaaminiki hata kidogo. Lakini ukoo unaosimuliwa humo ulimtoa kijasho chembamba. Babu kaanguka mtini akafa, baba kaanguka akafa, na sasa, umebaki ukurasa mmoja tu, mjukuu naye anauparamia mti.

Babu na baba wa Ahmada, mumewe, walikufa vivyo hivyo kwenye mikarafuu, hapa hapa Mgogoni. Na sasa hivi Ahmada yuko juu ya mkarafuu mmoja mrefu, anachuma karafuu. Laila akakifunga kitabu. Hamalizi mpaka mume ashuke.

Jioni Ahmada alirudi mzima, akamcheka mkewe, akausoma ukurasa ule kwa sauti. Katikati akaacha kusoma. Akakiweka kitabu chini, polepole.

"Kesho," alisema, "mkarafuu ule na apande mwengine."