Meno ya Karani

Fundi wa meno aliirithi karakana kwa baba yake, na pamoja nayo akarithi aibu moja ndogo. Marehemu alitengeneza meno ya bandia kwa miaka thelathini na ushei, na muda wote huo alikuwa na rangi moja na umbo moja: makubwa, meupe pepepe. Mteja hakuulizwa. Alifungua mdomo, akapimwa, akarudi baada ya wiki kuchukua meno yake. Matokeo yake wazee wa mtaa mzima walikuwa wakicheka kicheko kimoja. Mwenye duka la viatu na mkwewe, watu wasiopikika chungu kimoja, walikuwa na tabasamu lile lile, utadhani mapacha. Binti alikua akiyaona hayo, na siku moja alimwona mama mmoja mtu mzima akijitazama kwenye kioo cha karakana, machozi yanamtoka. "Huyu si mimi," yule mama alisema. Baba mtu akamuuliza kama alikuja kupata meno ya kutafunia au ya kujitazamia.

Basi binti alipokabidhiwa karakana, kitu cha kwanza kununua kilikuwa rangi. Ilikuwa pete ya waya yenye meno ya mfano kumi na sita, kila jino na namba yake, kuanzia rangi ya maziwa mpaka ya chai. Akaongeza maumbo matatu. Akajiwekea na sharti: hapiki meno mpaka mteja mwenyewe aseme "haya." Maana kazi hii ina hatua mbili. Kwanza meno hupangwa kwenye nta, mteja akayavaa, akajiona. Hapo unaweza kung'oa na kupanga upya utakavyo. Ukishapika, nta imetoka, plastiki imeingia, na hakuna kurudi nyuma. Sharti hilo alilionea fahari. Mwenye mdomo ndiye mwenye neno, alizoea kusema.

Karani alikuja siku ya Jumanne. Alikuwa amegonga mihuri ofisini miaka arobaini, akastaafu, na jina likamganda. Hata wajukuu walimwita Karani. Meno ya mwisho yalikuwa yameng'olewa, naye akawa anaongea nyuma ya leso.

"Fundi, mimi nina haraka," alisema. "Mama watoto macho yanakwenda. Daktari kasema miezi mitatu, ikizidi sana minne, ndiyo basi. Sitaki sura ya mwisho atakayobaki nayo iwe ya hili pango."

Fundi alielewa. Kazi yenyewe ilikuwa ya wiki mbili. Akamwekea pete mezani. "Chagua, mzee wangu."

Nawaambieni, hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyeshtuka. Karani hakuwa amewahi kuchagua kitu. Kazi alitafutiwa na mjomba wake, nyumba alipangiwa na ofisi, mke aliletewa na shangazi, na kwa bahati yake shangazi alikuwa na jicho. Mashati alishonewa na mkewe, yote ya kijivu. Leo, na miaka yake sitini na tisa, mtu anamuuliza: wewe unapenda lipi? Aliishika ile pete kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Baada ya saa nzima akasema namba kumi na moja.

Wiki iliyofuata alikuja na mkewe, mama mfupi, miwani mizito, na ulimi usiolala njaa. Fundi alipomvalisha mzee yale meno ya kwenye nta, mama alimshika kidevu mumewe, akamgeuzia dirishani, akasogeza uso mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Mwekee mwanya hapo mbele," alimwambia fundi. "Alikuwa nao. Ndio ulioniponza."

Fundi alipasha kisu moto, akayasogeza meno mawili. Mama akatazama tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Ndiye huyu," alisema. "Pika."

Fundi alimtazama Karani. Karani alikuwa anatazama kioo.

"Yana umanjano kidogo," alisema.

"Na wewe ulikuwa na umanjano kidogo."

"Ngoja kwanza, mama watoto. Bado yako kumi na tano."

"Mchagua nazi hupata koroma, baba watoto."

Neno moja la fundi lingetosha hapo. Angesema tu, mzee, msikilize mkeo. Badala yake alisema alichozoea kusema: mwenye mdomo ndiye mwenye neno. Mama aliirekebisha miwani yake.

Ikawa Jumanne baada ya Jumanne. Namba nne ilimpendeza ndani ya chumba, alipotoka nje akaona anang'aa kama sahani. Namba tisa ilimfaa, lakini mwenye duka la viatu alimwambia inamzeesha. Akamaliza rangi, akahamia maumbo. Akataka mwanya upunguzwe, kisha akataka uondolewe kabisa, maana shuleni walimcheka kwa ajili yake na hakuwahi kumwambia mtu. Na kusema kweli, alikuwa na furaha. Fundi hakuwa amewahi kuona mzee mwenye furaha vile. Alikuja amenyoa, ananukia sabuni, na siku moja akaja na shati la bluu alilolichagua mwenyewe dukani.

Jumanne ya sita, mama alisimama mlangoni akapapasa ngazi kwa mguu kabla ya kuingia. Ya tisa, alilisalimia koti lililotundikwa ukutani, akidhani ni fundi. Baada ya hapo alikaa kwenye benchi akisikiliza tu.

"Mzee, mama naye..." fundi alianza.

"Najua, najua. Jumanne ijayo namaliza."

Fundi alijua kwamba hatamaliza. Akashika sharti lake.

Mwezi wa nne tangu aje ulikuwa unaishia Karani aliposema "haya." Namba mbili, umbo la mviringo, bila mwanya. Fundi aliyapika, akayasugua mpaka yakateleza kama kokoto. Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Jumanne hiyo Karani aliyavaa, akajitazama, akageuka. Mkewe alikuwa kwenye benchi, uso ameuelekeza pembeni kidogo ya pale mumewe aliposimama.

"Mama watoto, nimemaliza."

"Umechukua yapi?"

Karani alikitazama kioo, kisha akamtazama fundi. "Yale yale ya kwanza," alisema. "Uliyoyachagua wewe."

"Ya mwanya?"

"Ya mwanya."

Mama aligeuzia kichwa upande wa meza. "Fundi, ni yale?"

Fundi hakuwa amewahi kumchagulia mtu kitu ndani ya karakana ile. Sasa majibu yalikuwa mawili tu, na yote mawili yalimchukiza.

"Ni yale, mama."

"Njoo basi."

Karani alipiga magoti mbele ya benchi. Mkono wa mkewe ukatafuta shavu, ukapata mdomo, kidole kimoja kikapanda juu ya meno ya mbele. Kilikwenda polepole mpaka mwisho, kikarudi, kikasimama katikati. Karani alibaki kaachama, hapumui. Fundi aliona haya, akainamisha uso akaitazama ile pete mezani.

Mama alitoa kidole, akakifuta kwenye ukosi wa mumewe.

"Ndiye huyu," alisema. Vidole vyake vikabaki kwenye ukosi. "Na shati? Ni lile la kijivu?"

"La bluu," alisema Karani. "Nililichagua mwenyewe."

"Limekukaa?"

"Limenikaa."

"Haya," alisema mkewe, akanyoosha mkono ainuliwe. Ngazi ya mlangoni ilikuwa moja tu, na Karani akamwambia ilipo.