Mazoezi kwa Njia ya Mbuzi

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika nchi hii kufundisha wazee mazoezi kwa mbali, kabla hata simu hazijajua kuonyesha picha. Bisheni mtakavyo. Ni kweli mwanafunzi wangu alikuwa mmoja tu, na huo umbali ulikuwa ua wa minyaa, na somo lilipitia kwa mbuzi. Lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Nimeyakumbuka haya juzi, mjukuu wangu Agape alipokuja kutoka Mpanda mjini akaisimamisha simu yake kwenye kopo la maziwa. Ndani ya simu kuna binti kavaa viatu vyeupe, anasema wazazi wetu, shikeni kiti, nyanyueni visigino.

"Ni ya kuzuia kuanguka, Bibi," Agape akaniambia. "Mnafanya wengi kwa pamoja. Wengine wako Arusha huko."

Nikashika kiti, nikanyanyua visigino. Kabla sijavishusha, pua yangu ikanusa beberu, harufu ile kali inayomtangulia mwenyewe njiani, na nikajikuta kijijini Mamba miaka ile, nina kinu mbele yangu, meno yote mdomoni, na upande wa pili wa ua kigoda kinalia kwa uzito wa mtu.

Siku hizo Katavi lilikuwa jina la mbuga ya wanyama. Sisi tulihesabiwa mkoa wa Rukwa. Tulikuwa tumeshuka na ng'ombe kutoka Usukumani, tukajenga pembeni ya mashamba ya mpunga ya Wapimbwe, nao wakatuzoea kama mtu anavyoizoea mvua: unailaumu na unaihitaji. Baba mkwe wangu, Mzee Malale, alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya ua. Mkewe, mama mkwe wangu Marta, tulikuwa tumemzika karibu na zizi. Kila asubuhi mzee alipita pale kwanza, akamwamkia Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," ndipo akaenda kuwaamkia ng'ombe.

Mimi na yeye hatukugusana. Hatukutazamana usoni, hatukusemezana, hatukula pamoja; ndiyo heshima ya ukwe. Chakula chake nilikiweka kwenye pengo la ua, nikakohoa, nikaondoka. Mtu wa leo atacheka. Ila nawaambia, katika kikohozi kile mlikuwa na maongezi mengi kuliko ya wakwe ninaowaona siku hizi, wamebanana kwenye kochi moja wakitazama televisheni.

Alianguka mwisho wa kiangazi. Alivuka gogo la mlango wa zizi kama alivyolivuka miaka yote, safari hii mguu ukakataa. Nilisikia kishindo, nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Mzee yuko chini kwenye samadi, shuka limemvuka, fimbo imerukia kule. Mume wangu Methusela alikuwa bondeni na ng'ombe. Pale nyumbani tulikuwa mimi, yeye, na beberu mmoja mweusi mwenye ndevu, aliyefungwa kwenye pengo la ua kwa kosa la kula mahindi ya watu.

Nikageuka, nikampa mzee mgongo. Nikapiga yowe kumwita Theopista, jirani yetu Mpimbwe, aliyekuwa shambani kwake. Shamba lilikuwa mbali. Nyuma yangu nilimsikia akijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena. Hakuna kazi nzito niliyowahi kufanya kama kusimama pale bila kufanya kitu. Kisha ikatoka sauti ndogo, haikuelekezwa kwangu.

"Mbuzi. Mwambie huyo mtu asilie. Sijavunjika."

Sikuwa nimejua kwamba nalia.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie Baba nimemwita Theopista."

"Mwambie Theopista ana mdomo."

"Mwambie Baba, ana mikono pia."

Tukamngoja Theopista hivyo, watatu, mbuzi akitafuna.

Mzee hakukosea. Mdomo wa Theopista ulipanda lori mpaka Mpanda, ukapanda treni, ukamkuta shemeji yangu Telesfori kazini kwake Tabora. Majibu yakarudi kwa njia ileile: nakuja baada ya mavuno, na nikimkuta Baba bado anatembea kwa kushika kuta, naondoka naye.

Mzee aliyasikia. Jioni, natwanga, nikamsikia akimwuliza beberu, "Huko Tabora nitaamkia nani? Magari?" Kisha akasema, "Na Marta nimwache na nani?"

Mchi ukanisimama hewani.

Basi redio ndiyo iliyotuokoa, redio ya Methusela ambayo betri zake tulizianika juani kama dagaa. Alasiri moja ikakoroma, ikasafisha koo, akatoka mama mmoja mtaalamu wa viungo, akawa anaongea na wazee. Kuanguka si lazima, alisema. Mara nyingi ni miguu imesahau kazi, na miguu hufundishika. Inuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. Nyanyua visigino. Simama kwa mguu mmoja, ukuta uwe karibu. Tembea kisigino kikikanyaga mbele ya vidole. Kila siku. Betri zikafa kabla hajaaga. Darasa la saba nililimaliza kwa kukariri, kwa hiyo nilishika yote, na nisiyoyashika niliyatunga.

Lakini mkamwana anamwambiaje baba mkwe anyanyue mguu? Hata kuutaja mguu wake ni aibu. Nikasogeza kinu karibu na pengo.

"Mbuzi," nikasema, "redioni wamesema mtu akiinuka kwenye kigoda bila mikono, kila siku, haanguki."

Ng'ambo ikajibu: "Mbuzi, mwulize, tangu lini mbuzi akakaa kwenye kigoda?"

"Mbuzi, usibishane na wakubwa. Inuka tu."

"Mwambie mazoezi ni ya wanajeshi."

"Sawa, mbuzi. Pumzika. Nasikia Tabora vitanda ni laini, mtu anashinda amelala, analetewa uji na kijiko kidogo."

Nikaendelea kutwanga. Muda si muda kigoda kikalia.

Ndivyo tulivyoanza. Mvua za kwanza zikatukuta pale, za masika zikatukuta palepale. Mimi natwanga na kutaja: inuka, kaa, kisigino, mguu wa kulia. Yeye ng'ambo anaguna. Ua ulikuwa mnene, sikumwona hata ukucha, na hata ningeweza nisingechungulia. Lakini beberu alikuwa anamwona. Yule mnyama alikuwa na tabia moja: mzee akisimama, anainua uso kumtazama, akitegemea maganda ya ndizi, mzee akikaa, anaushusha. Nikawa nasoma ndevu za mbuzi. Siku moja natamka "inuka," nasikia mguno, nasikia fimbo inagonga chini kwa juhudi kubwa, na ndevu hazijasogea hata kidogo.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie Baba, anayeinuka ni fimbo peke yake."

Ng'ambo ikapasuka cheko. Tangu tumzike mama mkwe sikuwa nimekisikia kicheko kile. Nikajifunika uso kwa khanga ingawa hakuna aliyekuwa ananiona.

Siku hizi nyumba zile hazipo. Minyaa imeng'olewa, pameota mahindi ya mtu. Nikipita nakohoa.

Mavuno yakafika, na Telesfori akashuka kwenye lori la mpunga na sanduku ambalo halikuwa na kitu ndani. Lile sanduku tulilielewa sote. Mzee alimpokea akiwa amekaa kwenye kigoda, fimbo kaiegemeza ukutani.

"Baba, simama basi nikuone unavyotembea."

"Mimi si ng'ombe wa mnadani," mzee akajibu, "wa kuzungushwa watu wanitazame."

Nikiwa jikoni nilimlaani kimoyomoyo. Masika nzima tumefundisha miguu, leo kiburi kimekaa juu yake.

Telesfori akambembeleza, akakataliwa. Akamwuliza kama bado anaanguka.

"Sijawahi kuanguka."

"Theopista je, alimwokota nani zizini?"

"Theopista ana mdomo."

Telesfori akavuta pumzi ya mtu aliyekwisha kuamua. "Kesho tunaondoka, Baba. Leo tule vizuri, watu wamuage mzee wao." Akaja mpaka kwenye pengo la ua, akashika kamba. "Shemeji Dorotea! Naomba kisu. Tunamchinja huyu."

Nilitoka jikoni na kisu, nikasimama nacho kama sanamu. Kati yangu na shemeji alikuwepo beberu, anatafuna, hana habari. Ndipo nikaona uso wake unapanda. Taratibu, ndevu juu, macho yakifuata kitu ng'ambo ya ua. Kigoda hakikulia. Fimbo haikugonga.

"Huyo hapana!" Sauti ya mzee ilikuwa juu, na ilikuwa inakuja. Nilisikia nyayo, moja mbele ya nyingine, zikipita gogo la zizi bila kusita.

Telesfori akamtazama baba yake tangu miguuni mpaka kichwani. Akaitazama fimbo, kule ukutani ilikoachwa.

"Kwa nini huyu hapana, Baba?"

Mzee akakohoa.

"Ana mimba."

Telesfori akaziangalia ndevu. Akainama, akaangalia na kule nyuma, ambako kila kitu kilikuwa kinaning'inia bila aibu yoyote.

"Baba," akasema polepole, "huyu ni beberu."

"Ndiyo maana," mzee akasema, "amechelewa kuzaa."