Mlango wa Mama Mkwe

Fundi seremala wa mtaa ule alikuwa na kesho nyingi kuliko misumari. Mlango aliuleta mwenyewe begani, mlango mzuri wa mbao ngumu wenye upana wa inchi thelathini, akauegemeza ukutani sebuleni na kusema fremu ataileta kesho. Kesho hiyo ikazaa kesho nyingine, na hiyo nyingine ikapata wajukuu. Miezi miwili ikapita. Mlango ukabaki pale pale ukutani, na watu wa nyumbani wakauzoea hadi wakaanza kuutundikia makoti.

Alhamisi mchana mwenye nyumba alimfuata karakanani. Mtaani walimwita Mama Cherehani, kwa kuwa alishona nguo sebuleni kwake tangu asubuhi hadi jioni, na futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata alipokwenda sokoni.

"Fundi, fremu naitaka kesho."

"Mama, haraka haraka haina baraka. Jumatatu nakuja kabla jogoo hajawika."

"Jumatatu mwenye mlango hatakuwepo."

"Anasafiri?"

"Ndicho ninachotaka kukizuia. Basi niuzie mbao tatu na misumari, na uniazime msumeno."

Seremala alicheka hadi penseli ikamdondoka sikioni. "Mama, hii si gauni!"

"Najua si gauni. Gauni ningeshalimaliza."

Mwenye mlango alikuwa mama mkwe wake. Miezi tisa nyuma bibi huyo aliteleza kwenye bafu la nyumba yake, alikokuwa akiishi peke yake, akavunjika nyonga. Alilala sakafuni tangu asubuhi hadi jioni ya siku ya pili, mpaka muuza maziwa alipoona chupa ya jana bado iko kizingitini. Alipotoka hospitali akaletwa kwa mwanawe. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja cha ziada, cha kuwekea vitambaa, na chumba hicho hakikuwa na mlango. Kilikuwa na uwazi tu ukutani. Mama Cherehani akashona pazia la maua akalitundika.

"Pazia linatosha, Mama," alisema siku ile, tena kwa majivuno.

Mama mkwe akashukuru, maana mgeni hachagui. Mlango uliagizwa baadaye, na kesho za fundi mmeshazisikia. Kitambaa kikabaki. Mama Cherehani, ambaye hajawahi kutupa hata kipande cha kufutia mafuta ya mashine, akashona pazia la pili kwa ajili ya kona ambamo wateja hujaribia nguo. Mapazia mawili, maua yale yale, hatua nne kutoka hili hadi lile. Hebu niambieni, mtu mwenye akili timamu hufanya hivyo? Alifanya, na akajisifu kwamba sebule imependeza.

Basi Jumanne ya wiki hiyo mteja mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alichukua gauni lake jipya na kuvuta pazia. Alivuta lisilo lake. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani bila nguo, anajikanda nyonga kwa mafuta. Mteja akapiga ukelele, na wanawake wengine watatu waliokuwa wakisubiri zamu wakageuka wote kwa pamoja. Bibi hakupiga kelele. Alinyoosha mkono kutafuta shuka, na shuka lilikuwa mbali.

Jumatano akampigia simu mpwa wake mwenye lori, aje kumchukua Jumamosi asubuhi. Kisha akamwita mke wa mwanawe.

"Mwanangu, hujanikosea," alimwambia kwa upole. "Lakini mtu mzima kama mimi lazima awe na mahali pa kuvulia nguo."

Heri angemtukana. Tusi Mama Cherehani angelijibu, au angelilia likaisha. Upole ule ulimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Alimpenda mama mkwe wake, na si kwa ajili ya mumewe tu. Alijua pia anakokwenda ni wapi: nyumba ile ile, bafu lile lile, na safari hii huenda muuza maziwa asitazame chini. Alishasema samahani mara nne na samahani haikusaidia kitu. Kilichobaki kilikuwa mlango.

Ijumaa asubuhi mumewe aliomba ruhusa kazini. Alikuwa karani, mtu mwema, ila kitu kizito kuliko vyote alichowahi kupigilia maishani kilikuwa muhuri.

"Mke wangu, una hakika?"

"Shika ubao."

Akavua futi shingoni, akapima uwazi wa ukutani. Upana inchi thelathini na sita. Akaandika kwenye ganda la sabuni, akamwongoza mumewe wapi pa kushika, akakata. Msumeno ulikwama, ukalalamika, ukakubali. Mbao mbili ndefu ndizo miimo ya kusimama pembeni. Ubao mfupi ukalala juu ya vichwa vya miimo, ukapigiliwa misumari. Saa nne fremu ilikuwa imelala sakafuni, imekamilika, na Mama Cherehani akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake.

Wakaiinua. Wakaisogeza kwenye uwazi. Ikagoma.

Wakaijaribu kwa upande. Ikagoma zaidi. Karani akaangalia fremu, akaangalia ukuta, akaokota lile ganda la sabuni.

"Uwazi ni thelathini na sita. Hapa umeandika thelathini na nane."

"Nimeongeza mbili."

"Za nini?"

"Za kupumulia," alisema, na neno likiwa bado mdomoni akatambua alichofanya. Miaka kumi na tisa ya kupima viuno, na kila kiuno unakiongezea, kwa sababu binadamu hula na kuketi.

"Kwani ukuta huu unapumua?" mumewe akauliza. "Na miimo mbona mirefu hivi?"

Mama Cherehani akaitazama futi yake. "Iliyozidi chini ni pindo."

Karani akaketi sakafuni akacheka hadi akashika mbavu. Nyuma ya pazia kikasikika kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Mama Cherehani peke yake hakucheka. Machozi yalimlenga; aliona mbao zimeharibika, siku inakwenda, na lori la kesho linakuja. Akaenda jikoni, akanywa maji ya kikombe kizima akiwa amesimama.

Pale jikoni ndipo akili yake ya kazi ilipomrudia. Kitambaa kilichozidi hupunguzwa. Kilichopungua ndicho kisicho na dawa. Na kosa lake halikuwa kufikiri kama mshonaji. Kosa lilikuwa kupima asiyevaa! Ukuta ni kabati tu. Mwili ni ule mlango ulioegemea pale sebuleni, na fremu ndiyo nguo yake.

"Toa makoti," alimwambia mumewe. "Tunampima mwenyewe."

Mlango ulikuwa thelathini kamili. Akaupa robo inchi ya kupumulia, maana mlango kweli hupumua, hufunguka na kufungwa. Akaongeza unene wa miimo miwili, inchi mbili kila mmoja. Thelathini na nne na robo. Akapima tena. Akampa mumewe naye apime, akapata hivyo hivyo. Wakang'oa misumari mmoja mmoja, akaupunguza ubao wa juu, kisha miimo akaikatia urefu wa mlango na nafasi kidogo ya kupita juu ya sakafu. Bandu bandu huisha gogo. Lengelenge lilimtoka kiganjani, likapasuka, akalifunga kitambaa akaendelea. Fremu ilipounganishwa tena, aliipima kona kwa kona, kama anavyopima kitambaa cha meza ajue hakijakwenda mshazari. Vipimo vikalingana. Akapigilia ubao mwembamba kukingama chini, ili miguu isiachane wakati wa kubebwa.

Mchana wakalishusha pazia na fremu ikaingia kwenye uwazi. Iliingia kwa heshima, ikabakiza nafasi kila upande. Karani akachonga kabari, akazishindilia mbili mbili pembeni, akaubana mwimo wa kwanza ukalingana na ukingo wa ukuta.

"Umelala huo," ilisema sauti.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, fimbo magotini, macho kwenye fremu.

"Mama, umenyooka na ukuta," mwanawe alijibu. "Angalia mwenyewe."

"Ukuta ndio uliolala. Miezi minane nautazama. Juu umeingia ndani, chini umetoka. Mkiufuata huo, mlango utakuwa unajifungua wenyewe."

Timazi ya kupimia wima hawakuwa nayo. Mama Cherehani akafunga kufuli zito kwenye uzi wa kushonea vifungo, akauning'iniza kutoka juu ya mwimo. Kufuli likayumba, likatulia. Chini lilikuwa mbali na ubao kwa upana wa kidole.

"Mama, una jicho," alisema.

"Sina kazi nyingine. Na msidhani nimebadili nia. Kesho naondoka. Ila siwezi kuangalia kitu kimepinda nikanyamaza."

Wakaacha kuuamini ukuta, wakaufuata uzi. Kabari hii ikatolewa, ile ikasukumwa, mama mkwe akielekeza kwa ncha ya fimbo: kulia, kidogo, hapo, umepita, rudi. Mwimo wa pili ukafuata. Ndipo misumari ya zege ikapigwa. Wa kwanza uliruka ukapotea chini ya kitanda. Wa pili ukamkuta Mama Cherehani kidoleni. Wa tatu ukaingia, na iliyofuata ikajifunza kwake. Alikoroga simenti kwenye sufuria kuukuu, akajaza nafasi zilizobaki kwa kisu cha jikoni.

Alasiri wakaubandua ule ubao mwembamba wa chini, wakatundika mlango. Karani alipiga magoti akauinua kwa ubao aliousukuma chini yake, huku mkewe akikaza skrubu za bawaba kwa bisibisi, jasho likimwingia machoni na hana mkono wa kulifuta. Bawaba tatu. Kisha akatoa komeo mfukoni, akaingia chumbani nalo.

"Mama, naomba usimame hapa. Inua mkono."

"Wa nini? Nimekwambia naondoka."

"Najua, Mama. Inua mkono."

Bibi akajiegemeza kwenye fimbo akainua mkono wa kushoto. Haukufika mbali, nyonga ilimzuia. Pale ulipoishia, chini kabisa ya pale mafundi wanapoweka makomeo yao, ndipo Mama Cherehani alipoweka alama ya chaki, na ndipo alipolifunga komeo.

Mlango ulifungwa bila kugusa sakafu. Ukafunguliwa, ukaachwa katikati, ukakaa katikati ulipoachwa. Wote watatu waliutazama.

"Haya, tokeni," mama mkwe akasema.

Wakatoka. Nyuma yao komeo likalia, kacha! Usiku ule bibi alikula nao mezani, akazungumza habari za bei ya sabuni, akarudi chumbani. Habari ya safari hakuigusa, na Mama Cherehani hakuthubutu kuuliza.

Jumamosi saa mbili na nusu honi ikalia barabarani. Mpwa alikuwa mtu wa saa zake. Mama Cherehani alifuta mikono, akaenda hadi mlangoni, akasimama. Katika nyumba hiyo waliyoijenga yeye na mumewe hakuwahi kupiga hodi hata siku moja. Akagonga kwa kidole kilichovimba.

"Hodi, Mama."

Akagonga tena.

"Hodi, Mama. Lori limefika."

"Nimelisikia."

"Niingie nikusaidie kufunga mizigo?"

"Usiingie. Sijavaa."

Akasubiri. Ndani hakukusikika fimbo, wala nguo, wala mtu anayejiandaa kwa lolote. Kilisikika kitanda, kikilia kidogo kama kinavyolia mtu anapojigeuza upande wa pili. Honi ikalia tena.

"Mama, nimwambie nini?"

"Mwambie nimelala."

"Umelala?"

"Nimelala. Nikihitaji lori nitampigia. Na wewe ondoka hapo mlangoni, nakusikia unavyopumua."

Mama Cherehani akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Akaipita sebule yake mwenyewe kwa ncha za vidole, akatoka nje kumwambia mwenye lori kwamba Mama amelala, na tafadhali asipige honi.