Ndiyo ya Luna

Basi letu lilipovuka mpaka kuingia Ugiriki, nilikuwa nimeshawaambia abiria wote kwamba mjukuu wangu Luna akiimba, korongo wa Plovdiv, mji wetu wa Bulgaria, husahau kuhama, wakabaki majira yote ya baridi juu ya paa wamevaa soksi.

"Mwongo wewe, Buko," akasema mke wangu Matilda. "Jana walivaa kofia."

"Na kofia pia."

Tulikuwa familia za sinagogi letu, watoto wamejaa hadi kwenye njia ya katikati, twenda Salonika kushinda Sabato na ndugu zetu. Mzee Saporta, mkuu wao, alikuwa ameahidi kwamba baada ya chakula mtoto mmoja wa wageni ataimba mbele ya wote. Luna, mwenye miaka tisa, alifanya mazoezi hadi kasuku wa jirani akaomba kuhamishwa.

Siku ikafika. Tulipomaliza mayai ya kahawia ya Sabato ukumbini kwao, Mzee Saporta akasimama. Kibulgaria hajui, na Kigiriki changu kinaishia kwenye kuagiza samaki. Akamtazama Luna, akagusa koo lake, akaonyesha jukwaa: utaimba?

Luna akatikisa kichwa kushoto na kulia, kwa nguvu zote. Kwetu hiyo ndiyo "ndiyo" yenyewe. Kwa wenzetu, kumbe, ni "hapana".

Mzee akampapasa kichwani kwa huruma, akageuka kumwita mtoto wao.

"Anaimba, bwana! Anaimba!" nikapaza sauti, nami natikisa kichwa. Matilda akatikisa. Meza zetu zote zikatikisa. Nadhani mzee hakuwahi kuona Wayahudi wengi hivyo wakikubaliana juu ya jambo moja.

Nikamnyooshea Luna kidole, nikaonyesha jukwaa: aende?

"Ne! Ne!" akajibu mzee huku akitabasamu. Kwao "ne" ni ndiyo. Kwetu ni hapana.

Mdomo wa Luna ukaanza kutetemeka. "Babu, amenikataa. Ni uongo wako wa korongo umeniponza!"

"Ngoja, kipenzi changu..."

Hakungoja. Akapanda kwenye kiti, akasema kwa Kihispania cha kale cha bibi zetu, kile ambacho sisi wakubwa tumekiacha jikoni, cha kugombezea paka: "Mjomba, nataka kuimba. *Si* au *no*?" Yaani, ndiyo au hapana.

Uma wa bibi mmoja wa Salonika ukaanguka sahanini.

"*Si*, mwanangu!" akasema Mzee Saporta, kwa lugha ileile, maana bibi zao nao walitoka Uhispania. "*Si!*"

Luna akaimba wimbo wa mama wa mama yangu. Ubeti wa pili, mabibi wa Salonika wakaupokea: maneno yaleyale, sauti imepinda kidogo. Yao ndiyo iliyopinda, si yetu. Mtoto yule amesimama kama bendera, na mimi, niliyesema tangu Plovdiv, najifuta pua kwa mkono wa shati.

"Buko," Matilda akanong'ona, "unalia?"

Nikainamisha kichwa mara mbili, kikwetu: hapana.

Mzee Saporta aliniona, na kwao hiyo ni ndiyo. Akanipa leso yake.