Slaidi Iliyofaa Kubaki Giza

Kiumbe wa seli moja hana ubongo wala neva, ana vinyweleo tu vya kuogelea. Lakini ndani yake mna serotonini, ileile inayopitisha habari vichwani mwetu, na mimi Wariara nimechosha macho mwaka mzima nikitafuta inakaa wapi. Shahada yangu ya uzamili imening'inia hapo.

Njia yenyewe si ngumu kueleza, ni ngumu kuvumilia. Unawachota bwawani, unawanyima chakula hadi matumbo yawe matupu, unawaua, kisha unawatia kingamwili yenye rangi ya kijani inayoshika serotonini peke yake. Slaidi nyingine, kioo chenye viumbe haohao, huitii kingamwili hiyo. Hiyo inafaa kubaki giza; ikiwaka, kijani chako si cha serotonini, na umekwisha.

Jumapili niliwaua na kuwatia rangi, na Jumatatu nikawasha taa ya hadubini. Kijani! Vitone vizuri vimejipanga karibu na mdomo. Nusura nipige vigelegele. Nikaweka ile nyingine.

Nayo ilikuwa inawaka, vitone vilevile.

Kingamwili ilikuwa imeisha, na kuagiza nyingine ni kungoja miezi. Hata kulia nilishindwa, nilikuwa nimechoka mno.

Simu ikalia. Ni mama, kutoka Dundori. Jumamosi alikuwa amenitembelea maabarani na kibuyu chake cha maziwa, akakaa kando ya chupa zangu nikiosha vyombo.

"Wariara, hao watoto wako wanaendelea aje?"

"Watoto gani, mum?"

"Hao wa chupa. Si ulisema umewanyima chakula? Nikaona hapana, kwangu hata paka hailali njaa. Nikawawekea maziwa kidogo, kila chupa. Walikunywa?"

Maziwa yana vitamini inayowaka kijani chini ya taa ile, na wao walikuwa wameyabugia hadi wakashiba. Nampenda mama yangu, lakini wakati huo nilitaka kuirusha simu dirishani.

"Nimeambia hata wamama wa kanisa," akaendelea. "Nimewaambia na mimi nimesaidia kidogo kwa hiyo digrii."



"Walikunywa, mum. Asante sana."

Alasiri, Daktari Khisa, msimamizi wangu, alizitazama slaidi zote mbili bila haraka. Kisha akavua miwani.

"Hawa wamekula, Wariara. Itabidi uanze upya. Nani aliwalisha?"

"Ni mimi, daktari."