Mshahara wa Mabil

Moru Stars walipopanda daraja, Emanikor, mwenye timu, alichinja mbuzi nyumbani kwake Napetet na kutoa ahadi ambayo hakuna timu ya Lodwar iliyokuwa imeisikia. Kuanzia msimu ule kila mchezaji angelipwa mshahara, mwisho wa mwezi, kama mtu wa ofisini. Mambo ya kupewa nauli na soda baada ya mechi yalikuwa yamekwisha.

Watu walimwamini kwa sababu walimjua. Emanikor alianza kwa kununua samaki wa kukaushwa kule Kalokol na kuwaleta mjini kwa pikipiki ya kuazima. Sasa alikuwa na malori matatu yaliyopeleka mzigo Kitale, Kisumu na hata mpakani Busia. Hakuwa amecheza mpira maishani mwake. Aliupenda tu, na akiwa uwanjani alisimama mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma, bila kumsemesha mtu.

Kocha wake alikuwa Adome, mtu wa Lodwar aliyewahi kucheza Nairobi mpaka goti likamrudisha nyumbani. Klabu yake ya mwisho ilikaa miezi mingi bila kumlipa mtu yeyote, halafu asubuhi moja wachezaji wakakuta geti limefungwa kwa mnyororo. Kwa hiyo aliposikia viwango vya mishahara vya Emanikor, Adome alisita. Lakini alikuwa na mke na watoto, na nyumba ya mawe iliyokuwa imefika usawa wa madirisha. Akatia sahihi.

Mchezaji aliyelipwa kuliko wote alikuwa Mabil. Alizaliwa kambini Kakuma, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Sudan Kusini, na Adome alimwona kwa mara ya kwanza katika mashindano ya huko, kijana mrefu mwenye miguu kama ya korongo, akiwapita mabeki kana kwamba wamepandwa ardhini. Timu nyingine zilimtaka. Emanikor akapandisha bei hadi zikanyamaza. Mshahara wa Mabil ukazidi wa mwalimu mkuu, na mji mzima ukajua.

Wachezaji wengine nao walijua. Omollo, golikipa kutoka Homa Bay, alidai kuongezwa kwa sababu Mabil akifunga matatu na yeye akafungwa manne, timu imeshindwa. Hoja yake ilikuwa na maana, akaongezwa. Mabeki wakauliza nani anamlinda Omollo. Wakaongezwa. Kufikia katikati ya msimu hata mchua misuli alikuwa na marupurupu.

Lakini raha ilikuwepo, na hakuna aliyeikana. Jumamosi maduka yalifungwa mapema. Watu walitoka mbali, hata Kerio na Lorugum, wengine juu ya malori ya changarawe, kumwona Mabil. Moru Stars wakamaliza msimu wakiwa nafasi ya pili. Katika hoteli ya Jerotich, mama wa Kikalenjin aliyehamia Lodwar zamani, wachezaji walikunywa chai na kubishana kuhusu mishahara ya Ulaya, nani analipwa nini kwa wiki.

Siku moja Jerotich aliweka chapati mezani na kuuliza, "Hizo pesa za Ulaya hutoka wapi?"

"Televisheni," Omollo alisema. "Na jezi. Na matajiri."

"Na hapa kwetu, ambapo hatuonekani kwa televisheni?"

"Hapa ni Mzee Emanikor."

Jerotich alitikisa kichwa kidogo, akarudi jikoni. Adome alikuwa amekaa meza ya pembeni, na swali lile lilimkaa moyoni.

Mwezi wa tatu wa msimu wa pili alikwenda Kalokol kumwona shangazi yake aliyekuwa mgonjwa. Akiwa njiani kurudi, pikipiki aliyopanda ilipishana na lori la samaki. Alilitambua. Lilikuwa lile kubwa la Emanikor, lenye taa moja iliyokuwa imefungwa kwa waya, lakini jina la mbele lilikuwa limepakwa rangi na kuandikwa jingine, na dereva alikuwa mtu asiyemjua. Alimwuliza mwendesha boda.

"Hiyo iliuzwa tangu Krismasi," yule alisema. "Hata ya pili inatafutiwa mtu."

Adome hakwenda nyumbani. Alipitia moja kwa moja Napetet. Emanikor alikuwa ameketi uani amevua shati, akila samaki na ugali. Mkewe, Christine, alikuwa akiosha vyombo karibu na tangi la maji.

"Ejok, Adome. Kaa, kula."

Adome aliketi lakini hakula. "Mzee, nimeona lori lako likiendeshwa na mtu mwingine."

Emanikor alitafuna polepole. "Hiyo nimeuza."

"Kulipa sisi?"

"Kulipa nyinyi. Nilifikiri tukichukua kombe, kampuni kubwa itakuja kuandika jina yake kwa jezi, na mimi nitapumzika." Aliutoa mwiba mdomoni, akauweka kando ya sahani. "Sasa hatujachukua kombe."

"Na la pili?"

"Mwezi huu nimelipa watu. Mwezi ujao sijui."

Adome aliitazama mikono ya yule mzee. Alihisi aibu, kwa sababu nusu ya mawe ya nyumba yake yalitoka kwenye lori lile. Akasema, "Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Kwamba nilikosea? Watu walikuwa na furaha."

Kesho yake baada ya mazoezi, Adome aliwakalisha wachezaji kwenye kivuli cha stoo ya uwanja na kuwaeleza kila kitu. Kisha Omollo akasema, "Kocha, mimi namheshimu Mzee. Lakini mkataba ni mkataba. Sikumshika mkono atie sahihi."

"Hakuna anayesema ulimshika."

"Tukipunguziwa mimi narudi kwa boda," alisema Ereng, beki wa kushoto.

"Na akiuza lori la mwisho utarudi kwa boda vilevile," Adome alimjibu. "Tofauti ni kwamba na yeye atakuwa huko pamoja na wewe."

Wengine walicheka, ingawa si sana. Macho yakaanza kumgeukia Mabil, aliyekuwa akikung'uta mchanga kwenye viatu vyake. Aliyaona.

"Najua mnafikiri nini," alisema. "Pesa yangu ni kama ya watu wanne hapa. Lakini mimi sitasema sitaki. Nani hapa angekataa? Goti la kocha liliisha akiwa na miaka ishirini na sita. Mimi niko na ishirini na tatu. Nikipewa leo, nachukua leo."

Omollo aliinamisha kichwa.

"Lakini kuna timu ya Nairobi ilinitaka mwezi wa pili," Mabil aliendelea. "Mzee alikataa kuniuza. Kocha, mwambie aniuze. Huko nitalipwa zaidi, na nyinyi mtabaki na pesa ya uhamisho."

"Kwa hivyo unatutoroka halafu unataka tukushukuru," Ereng alisema.

"Usinishukuru. Nataka kwenda."

Adome alipenda jinsi alivyolisema jambo lile, bila kulipaka sukari. Jioni ile alirudi Napetet na kumweleza Emanikor. Mzee hakutaka kusikia. Bila Mabil, alisema, watu hawatakuja. Bila Mabil kombe litakwenda Eldoret.

"Mzee, unataka kombe ama unataka timu?"

"Anataka lori lake," Christine alisema kutoka kando ya tangi la maji.

Mzee alimgeukia mkewe. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Adome akagundua kwamba anacheka. Alicheka hadi akafuta macho kwa kiganja.

Mazungumzo na watu wa Nairobi yalichukua wiki kadhaa, na karatasi za Mabil za ruhusa ya kusafiri kama mkimbizi zikachukua nyingine. Wakati huo wachezaji na Emanikor walikutana mara kwa mara katika hoteli ya Jerotich. Walikubaliana kwamba mishahara haitatoka tena mfukoni mwa mtu mmoja. Ingetoka kwenye viingilio, kwenye mchango wa Emanikor ambao hautazidi faida ya lori moja, na kwenye fungu la pesa za uhamisho wa Mabil lililowekwa benki liliwe kidogo kidogo. Wote wangepata karibu sawa, na wangefanya mazoezi asubuhi na mapema ili mchana mtu aweze kufanya kazi nyingine. Watatu walikataa wakaondoka, na hakuna aliyewasema vibaya. Omollo alifikiria siku mbili, akabaki. Alisema amechoka kuhesabu pesa ambazo hajui kama zitakuja.

Kabla ya Mabil kusafiri, Adome alimsindikiza Kakuma kumuaga mama yake. Waliondoka Lodwar asubuhi kwa gari dogo la abiria. Barabara ilikuwa ya lami sasa, nyororo, na pande zote mbili mbuzi walikuwa wakila migunga midogo ya miiba iliyochipua baada ya mvua. Mabil alilala njia nzima, kichwa kikigonga kioo.

Mama yake aliitwa Achai. Adome alitarajia kumkuta kibandani, lakini Mabil alimpeleka sokoni, kwenye chumba cha mabati kilichokuwa kikinguruma. Ndani mlikuwa na mashine ya kusaga unga, na Achai alikuwa amesimama mbele yake, mweupe wa unga hadi kwenye nyusi, akipokea mtama wa mwanamke Mturkana aliyetoka Lopur. Fundi wa mashine, Mkongo aitwaye Onésphore, alikuwa amechuchumaa akikaza mkanda.

"Hii ndiyo mshahara yangu," Mabil alimwambia Adome, akipiga mashine kwa kiganja. "Sikununua gari."

Kwa mwaka mzima na zaidi aliuona mshahara ule kama maji yanayomwagwa mchangani.

Achai aliwakalisha kwenye magunia na kuwapa chai. Aliuliza habari za Nairobi: atalala wapi, atapikiwa na nani. Mkataba ni wa muda gani?

"Miaka miwili, mama."

"Na watalipa miaka yote miwili?"

Mabil alimtazama Adome. Adome akaona ni heri aseme kweli. "Mama Mabil, siwezi kukuahidi. Mimi mwenyewe timu yangu huko iliacha kulipa. Timu nyingi zinatoa mishahara ambayo hazina. Zinategemea tajiri mmoja, na tajiri anachoka."

Achai alipuliza chai yake. "Mimi niko hapa tangu huyu hajazaliwa. Mwanzoni chakula ilikuwa inatosha. Halafu watu wakakuja kusema imepunguzwa. Wakapunguza tena. Wale wanatoa nao wamechoka, kama tajiri yako." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Kwa hivyo mimi siulizi kama itaisha. Nauliza mtoto atafanya nini nayo ikiwa bado iko."

"Mama anapenda mutoto wake, lakini anapenda mashini zaidi," Onésphore alisema toka chini, na Achai akamrushia kitambaa chenye unga.

Walikaa hapo hadi jua likaanza kupoa. Wateja walikuja na vikapu, wakisalimiana kwa Kiturkana, Kiarabu cha Juba na Kisomali, na kila aliyemjua Mabil alimshika mkono kwa muda mrefu. Alipoondoka, Achai hakulia. Alimpangusa unga begani, ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuweka pale kwa kumkumbatia, kisha akarudi ndani kwa sababu mtu alikuwa akisubiri.

Mechi ya kwanza bila Mabil, uwanja ulijaa nusu. Ya pili, chini ya nusu. Emanikor alisimama mahali pake, mikono nyuma. Kisha Ereng, ambaye hakurudi kwa boda, akahamishiwa mbele kwa kukosa mtu mwingine, na ikaonekana kwamba ana kichwa kizuri kwa kona. Watu wakaanza kurudi, si wote, lakini wa kutosha. Mishahara ilikuwa midogo na ilifika. Omollo alipata kazi ya mchana katika duka la vifaa vya ujenzi, na huko akamwuzia Adome mabati ya nyumba yake kwa bei ya chini, kwa idhini ya mwenye duka.

Mwezi wa tisa, Jumapili baada ya kanisa, Mabil alipiga simu. Adome alikuwa ameketi mlangoni kwenye nyumba mpya ambayo bado ilinukia saruji. Mabil alisema anafunga mabao, anasikia baridi, na Nairobi watu wanatembea haraka kama wanaofukuzwa. Mshahara ulikuwa mkubwa kweli. Ulikuwa pia umechelewa kwa mara ya pili.

"Wanasema nini?" Adome aliuliza.

"Wanasema tajiri amesafiri."

"Na wewe unasemaje?"

"Niko na ya miezi minne nimeweka. Na mama anataka mashine ya pili, ya kukamua mafuta ya simsim." Alicheka. "Jana mmefanya nini?"

"Sare. Moja moja, na Kitale."

"Nani alifunga?"

"Ereng."

Mabil akaomba aelezwe bao lile lilivyokuwa, tangu mpira ulipotoka kwa golikipa. Adome akanyoosha lile goti lake bovu juani na kuanza kumsimulia.