Mahindi Yaliyohesabiwa Mara Mbili

"Ukifungua mdomo humo ndani, usiseme tulikuwa pamoja," Mshauri Mkuu alimnong'oneza mshauri wa chakula, mkono wake ukiwa tayari kwenye kitasa. Ofisini huyo Mkuu walimwita Asali, maana Rais hakuwahi kusikia neno chungu kutoka kwake.

"Lakini bosi, ghala lililotoa mahindi limeyaandika, na ghala lililoyapokea nalo limeyaandika. Ni mahindi yaleyale! Ile ziada tuliyomwambia Rais haipo."

"Tutarekebisha kwenye ripoti ijayo."

"Mpaka hiyo ripoti ije, watu watakuwa wanakula nini? Takwimu zako?"

"Aliyekutangulia naye alikuwa hodari wa kujibu, dada."

Binti alielewa. Kikombe cha mtangulizi wake bado kilikuwa juu ya meza aliyoirithi, na hakuna aliyethubutu kuuliza mwenyewe yuko wapi.

Wakaingia. Kiyoyozi kilivuma. Mbele ya Rais palikuwa na kibali cha kuuza mahindi nje ya nchi, na kalamu iliyokwisha kufunguliwa.

"Mkuu, tunayo ya kutosha?" Rais alimuuliza Mshauri Mkuu.

"Yamefurika, Mheshimiwa," alisema Asali. "Hata panya wa maghalani wanaomba likizo."

Washauri wengine waliokuwa mezani wakacheka. Rais akaishika kalamu, akainama.

"Hayapo."

Sauti ilimtoka binti nyembamba, kama ya mtu mwingine. "Mheshimiwa, mahindi yaliyohamishwa tuliyahesabu yalipotoka, tukayahesabu tena yalipofika. Ukisaini, maghala yatakuwa matupu kabla ya mavuno."

Rais akainua uso.

"Nani mwingine anajua?" Rais aliuliza taratibu.

Binti alimtazama Asali. Asali alikuwa anakagua viatu vyake.

"Mimi... mimi tu, Mheshimiwa."

"Wanunuzi nimeshawaahidi," Rais alisema, kama anajisemea. Akatafuta kifuniko cha kalamu. Kikamponyoka, akakiokota, kikagoma kuingia. Ndipo binti alipouona mkono wa Rais: ulikuwa unatetemeka.

Hatimaye kifuniko kikaingia. Kibali kikasukumwa pembeni, kitupu pale penye sahihi.

"Wengine tokeni. Wewe baki," Rais alimwambia binti.

Viti vikaburutwa. Asali alipompita, aliinama karibu na sikio lake. "Kikombe chako tutakutunzia."

Mlango ukafungwa.

"Sogea," alisema Rais. "Anza mwanzo. Na safari hii usimkingie mtu kifua."